Mistari Arobaini na Mmoja

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe kumi na moja ya mwezi wa sita. Siku yenyewe ilianza kama zinavyoanza zote kwangu, kwa mgongo kuuma. Nilikunywa chai ya rangi nikiwa nimesimama, nikamfunikia binti yangu kikombe chake kwa kisahani, nikachukua ufagio wangu wa mpini mrefu na kutoka. Nje nilimkuta jirani yangu ananisubiri, amevaa gauni lake la kutokea.

"Umechelewa, Bwana Ufagio," alisema.

"Hata jua bado halijatoka, dada."

"Jua mimi la nini? Leo namtaka daktari."

Jirani huyo ni mshonaji wa nguo. Chumba chake na changu vimetenganishwa na bati tupu, akikohoa yeye mimi nasema pole. Mke wangu alipofariki miaka minne iliyopita, faili lake likiwa bado linatafutwa, mshonaji ndiye aliyemlea binti yangu. Alimshonea sare, akamsuka nywele, akamfundisha kupika. Sasa ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Uzi anautia kwenye tundu la sindano kwa kupapasa, na wateja wameanza kurudisha nguo, mkono huu mrefu, ule mfupi. Madaktari wa macho huja kwetu mara moja kila miaka miwili. Walimwambia safari iliyopita kwamba jicho la kulia likikosa safari hii halitangoja nyingine. Basi alijiandikisha mapema, na aliyemshika mkono mpaka kwenye dirisha la karani ni mimi.

Asubuhi ile alishika ncha ya mpini wa ufagio, mimi nikashika upande wa fagio lenyewe nikatangulia. Tukaenda hivyo mpaka kituo cha afya, ambako mimi ndiye mfagiaji.

Saa mbili muuguzi alitoka na karatasi zilizochapishwa. Wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye benchi hadi ukutani. Akaanza kuita namba za kadi, moja moja, na kila aliyeitwa alipewa siku yake: Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Watu waliinuka, wakaingia, benchi zikawa zinapungua. Mshonaji alikuwa ameshika kadi yake kwa mikono miwili. Saa sita muuguzi alikunja karatasi.

"Imekwisha," alisema.

"Hajaita elfu tatu na sabini na saba," mshonaji aliniambia. "Au nimepitiwa?"

Hakupitiwa. Nilitazama waliobaki kwenye benchi, na nikaona jambo ambalo wakubwa wangeliona kama wangekuwa na kawaida ya kutazama. Wote walikuwa wa upande wetu, nyuma ya karakana. Nilimjua hata fundi baiskeli, mzee wa watu, ambaye siku hizi huziba matundu ya mipira kwa kuusikiliza upepo unakotokea.

Nikamfuata mkuu wa kituo. Alikuwa anajifuta shingo kwa leso.

"Mkuu, huyu mama alijiandikisha. Nilikuwepo karani alipomwandika."

"Kama hayumo kwenye orodha, hakujiandikisha."

"Lakini nilikuwepo, mkuu."

"Mzee, orodha imepangwa kwa kompyuta. Kompyuta haisahau kama mimi na wewe. Pale chini ya dirisha umeacha takataka."

Ndiyo kazi ya wakubwa. Ukiwaonyesha mtu, wao wanakuonyesha takataka. Nilifagia. Fundi baiskeli alijikongoja kwenda zake bila kuaga. Mshonaji nilimrudisha kwa ufagio uleule.

Binti yangu alirudi kutoka shuleni saa kumi. Ana miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba, na sote tunamwita Chiriku, kwa sababu anaanza kusema kabla hajafungua mlango.

"Baba, shikamoo, Bibi ameitwa? Jicho gani kwanza? Amelia?"

"Hakuitwa."

Chiriku alisimama na begi lake begani.

"Hakuitwa yeye wala wenzake wa huku," nikaendelea. "Watu kama arobaini. Wale wakubwa ni..." na hapa nilisema maneno ambayo hayafai kitabuni. Nilisema juu ya mkuu, juu ya karani, juu ya yule mtaalamu wa kompyuta wa kituo ambaye kila siku nafuta vumbi mezani pake na sura yake siijui.

"Baba, usiwatukane," Chiriku alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni mimi."

Nikakumbuka. Kwa kuwa mtaalamu haonekani, mkuu alikuwa amepeleka orodha shuleni, wanafunzi wa kikundi cha kompyuta waipange. Chiriku alichaguliwa kuandika programu. Wiki nzima alitamba nyumbani hadi nikamwambia ale kwanza.

"Wewe umefanya nini?"

Alichukua kipande cha mkaa, akageuza kalenda ya zamani na kuandika mistari miwili:

*3021, nyumba 114, kushoto, Jumanne*

*3077, nyuma ya karakana, mlango wa bluu, kulia, Jumanne*

"Karani alichapa hivi, baba, kila mgonjwa mstari wake. Mstari kama huu kompyuta inauona ni herufi zilizofuatana tu, kama shanga kwenye uzi. Mwalimu anauita tungo. Na tungo ni kitu kinachojua kazi zake. Ukiliambia jikate penye kila mkato, linajikata, linakupa vipande. Kipande cha kwanza kadi, cha pili mahali unapokaa, cha tatu jicho, cha nne siku. Vinne. Sasa huu wa chini, hesabu."

Nilihesabu kwa kidole. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini kuhesabu hadi tano sijasahau.

"Vitano."

"Kwa sababu sisi hatuna namba za nyumba. Karani anaeleza, halafu anaweka mkato katikati ya maelezo. Programu ikafikiri 'mlango wa bluu' ndilo jicho."

Hilo la namba nalijua mimi. Wapima nyumba walikuja mara moja, wakapaka namba nyumba za barabarani, na rangi ikawaishia walipofika karakana. Walisema wanaifuata nyingine. Ni miaka tisa sasa.

"Kwa hiyo kosa ni la rangi yao," nikasema.

"Hapana, baba. Programu ilikuwa inagoma kila ikikuta mistari hiyo. Na mkuu wa kituo alikuwa anakuja saa nane kuichukua orodha, na mwalimu mkuu, na wageni. Nikaiambia: ukiona vipande si vinne, ruka."

"Ruka mtu?"

"Niliona mstari, baba. Sikuona mtu."

Alifuta pua kwa kiganja. "Mwisho ikaniandikia: iliyoingia mia moja sitini na tatu, iliyotoka mia moja ishirini na mbili. Nikaifuta ile hesabu isionekane. Mwalimu akaniuliza, zote zimepita? Nikasema zote."

Nawaambieni ukweli, ninyi mnaosoma: sikumwambia mtoto jambo jema. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hasira ambayo tayari ilikuwa na mwenyewe, sikutaka kuihamisha. Nilimwambia hivi: "Nyamaza. Hayo yamalizie humu ndani. Lawama waachie wao, wameshazoea na hazijawahi kumwua hata mmoja. Ukisema ni wewe, kesho mimi sina ufagio."

Bati likagongwa kutoka upande wa pili.

"Bwana Ufagio!" Alikuwa mshonaji. "Macho ndiyo yamekufa, masikio mazima. Unamfundisha mtoto kuficha?"

"Dada, haya ni ya nyumbani kwangu."

"Na jicho ni la kwangu! Madaktari wapo mpaka Alhamisi. Mkinyamaza mimi nabaki hivi. Wewe Chiriku, uko hapo?"

"Nipo, Bibi."

"Uliniruka?"

Chiriku aliweka paji la uso kwenye bati. "Nilikuruka, Bibi."

Nilimsikia mshonaji akivuta kiti.

"Basi kesho kanirudishe kwenye orodha," alisema.

Jumatano asubuhi niliomba ruhusa kwa muuguzi, nikamsindikiza Chiriku shuleni. Chumba cha kompyuta kina mashine sita, tatu zinawaka. Mwalimu wa kompyuta ni kijana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Chiriku alisema yote mbele ya wenzake, amesimama wima, mikono imeng'ang'ania sketi. Nyuma kabisa mmoja akanong'ona, "Injinia wa kuruka watu!" na wawili wakacheka.

"Nani anacheka?" mwalimu aliuliza. "Ninyi mlikuwa kikundi kimoja. Nani mwingine alihesabu?"

Hakucheka mtu tena. Mwalimu akamgeukia Chiriku. "Kukata vibaya ni kujifunza, na mimi nilipaswa kukagua. Neno 'zote' hilo ni lako. Kaa. Tengeneza."

Nilisimama mlangoni nisiwazibie mwanga. Chiriku aliandika, akasema kwa sauti anachokiandika, ndivyo alivyo. Aliliambia kila tungo: penye mkato unaofuatwa na "mlango", ondoa mkato. Akabonyeza. Kompyuta ikajibu mia moja ishirini na mbili. Akabonyeza tena. Jibu lilelile.

"Nimeliambia libadilike!" alisema, na machozi yakawa karibu. "Mbona halibadiliki?"

"Tungo halijibadilishi," mwalimu alisema. "La zamani linabaki kama lilivyo. Ukiliomba mabadiliko, linakutengenezea jipya na kukupa mkononi. Wewe ulilipokea ukaliweka wapi?"

Chiriku alitazama skrini. "Hakuna mahali. Sikuliweka."

"Basi limepotea."

Akalipa lile jipya jina, akalihifadhi, akabonyeza. Mia moja hamsini. Wenzake walipiga makofi, lakini yeye hakugeuka.

"Bado kumi na tatu," alisema.

Hao kumi na tatu hawakuwa na mlango katika maelezo yao. Mmoja alikuwa "kando ya mfereji, chumba cha mwisho". Mwingine alikuwa na mikato miwili, "juu ya duka la misumari, ngazi ya nje, kushoto kwa tangi". Chiriku alipitia mistari hiyo mmoja mmoja kwa kidole. Nilifikiri amekwama. Kisha akasema polepole, "Mwalimu, mahali pekee ndipo panaporefuka. Kadi ni ya kwanza daima. Siku ni ya mwisho daima, na jicho liko kabla yake. Nikichukua cha kwanza, nikachukua viwili vya mwisho, vyote vinavyobaki katikati ni mahali. Navishona tena kuwa kimoja."

"Jaribu."

Iliyoingia mia moja sitini na tatu. Iliyotoka mia moja sitini na tatu. Safari hii hesabu hakuifuta. Aliihamisha ikakaa juu kabisa ya karatasi.

Kituoni tulifika saa sita. Mkuu aliitazama karatasi mpya kama mtu aliyeletewa samaki wa juzi.

"Ratiba ya siku tatu imeshapangwa," alisema. "Siwezi kuwaongezea madaktari wagonjwa arobaini kwa sababu ya michezo ya watoto."

"Si michezo, mkuu," Chiriku alisema. "Shikamoo. Niliwaruka mimi, nikajua, nikaficha. Walijiandikisha wote. Naomba waitwe."

Aliyasema mbele ya benchi zilizojaa. Mama mmoja akaguna, mwingine akasema, "Yu wapi mzazi wa huyu?" Nilitamani nijifiche nyuma ya ndoo. Nikasema, "Mimi hapa."

Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa wazi. Daktari wa macho alikuwa ameegemea mlangoni, mama wa makamo, kofia ya kijani kichwani, kikombe cha maji mkononi. Uso wake ulikuwa na uchovu ule ambao mimi naufahamu, wa mtu aliyesimama tangu alfajiri na bado hajaona mwisho wa kazi.

"Nipe," alisema. Akasoma. Akageuza ukurasa, akahesabu mistari ambayo Chiriku aliitia alama. "Arobaini na mmoja?"

"Ndiyo, daktari."

Akafumba macho kidogo. "Ijumaa tulikuwa tumejipa ya kupumzika kabla ya safari," alisema, hakuna aliyejua anamwambia nani. Akanywa maji yakaisha. "Haya. Wawe hapa Ijumaa saa moja. Nani atawaita?"

Mkuu alisema hilo si jukumu la ofisi yake. Muuguzi alisema wengi hawana simu.

"Mimi nitawaita," Chiriku alisema.

Alhamisi baada ya masomo alizunguka na wenzake watatu, mmojawao yule aliyenong'ona. Karatasi waliyoitumia ilikuwa ileile. Huku kwetu hakuna namba ya kukuongoza, ila unatafuta karakana, unatafuta mlango wa bluu. Unapanda ngazi ya nje, unapinda kushoto kwa tangi. Yale maneno yaliyoifanya kompyuta igome ndiyo yaliyowafikisha kwenye kila kizingiti. "Hodi! Wewe ni elfu tatu na mia moja na mbili?" Walirudi jioni miguu imejaa vumbi, na Chiriku sauti imekauka.

"Wangapi?" nilimwuliza.

"Arobaini."

"Na mmoja?"

"Fundi baiskeli. Amefunga mlango. Jirani yake anasema aliondoka Jumanne ileile, kaenda kwa binti yake mbali huko, alisema amechoka kusubiri." Alikaa chini kwenye mkeka, akavua viatu. "Nimeacha karatasi chini ya mlango, baba. Halafu nikakumbuka hawezi kuisoma."

Nilimsogezea maji ya kuoshea miguu.

Ijumaa walipasuliwa wote arobaini. Daktari alimaliza saa moja jioni na kukaa kwenye benchi langu, lile ninalolipangusa kila siku, hakuweza hata kuvua kofia. Jumamosi asubuhi, kabla gari lao halijaondoka, walifungua bendeji. Mshonaji alifumba jicho, akafumbua, akafumba tena. Akanitazama.

"Mungu wangu, Bwana Ufagio! Kumbe umezeeka hivyo?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na mbavu zikashangaa, hazikuwa zimezoea.

Kisha akamwona Chiriku, ambaye alikuwa amejibanza kwenye nguzo. Akamwita, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama anayekagua kola.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Mimi nimekata nguo miaka thelathini. Nimekata vibaya mara ngapi! Ukikata vibaya ukasema, nguo inashonwa, hata kiraka kinakaa. Lakini ukilificha lile tundu kwa mkunjo, mwenye nguo analigundua akiwa mbele za watu. Wewe ulificha, ukaumiza. Halafu ukasema, tukapona. Fundi baiskeli hajapona. Hilo ulibebe, lakini lisikuzuie kushika mkasi tena. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Na ukihesabu, hesabu watu."

Nilidhani yamekwisha. Nilishika ufagio nianze upande wa dirishani. Lakini daktari alikuwa bado amesimama pale na orodha ile ya kwanza, ya mistari mia moja ishirini na miwili, akiitafutia mahali kwenye mkoba wake. Akaitazama chini kabisa, akaileta karibu na macho.

"Bwana mkuu," aliita.

Mkuu akaja, tai imenyooka.

"Hapa chini pameandikwa, 'Nimehakiki na kuthibitisha.' Sahihi hii ni yako?"

"Ni... ndiyo, ni utaratibu tu wa ofisi."

"Mtoto wa darasa la saba amesimama mbele ya benchi zote akasema hakufanya kazi yake sawasawa," daktari alisema. Hakupandisha sauti, nadhani hakuwa nayo ya kupandisha. "Wewe ulipotia sahihi, ulihesabu nini?"